Biti Isikike Kuwa Ni Yako

Kijana akiingia studio kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na flashi mkononi, najua nitakachosikia kabla sijaichomeka: logi dramu ya amapiano, ule mlio wake mzito wa besi, kasi ya mapigo 112 au 113 kwa dakika, sampo (vipande vya sauti) zilezile ambazo nchi nzima imezipakua bure. Mkono anao. Ila ukitoa jina lake linalotajwa pale mwanzoni, biti inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Basi ifunge hiyo folda ya sampo kwa muda. Nenda ufukwe wa Kibirizi asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirudi, ukarekodi milio yako mwenyewe. Simu inatosha, mradi utumie programu inayotoa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Sauti ya WhatsApp imeshabanwa, ukiivuta chini inakwaruza. Upe upepo wa ziwa mgongo, simu iwe kifuani, usogee karibu. Na uombe ruhusa, maana akina mama wanaoanika dagaa hawana muda wa kubembelezana na wasanii.

Debe tupu peke yake ni seti nzima ya ngoma. Lipige ngumi katikati ya kitako, mlio ushushe semitoni (nusu-toni) tano, uulaze chini ya kiki, ile ngoma nzito ya biti. Ligonge ukingoni kwa kucha, mlio upandishe, kata mkia wake: hiyo haihati, ule mlio wa visahani vya dramu. Dagaa wakavu wakimwagwa kwenye turubai wanatoa "shwaa" ambayo hakuna sheka (mlio wa kayamba) ya kupakua itakupa. Kwenye milio hii myembamba ondoa kila kitu chini ya hezi 100, yaani sauti nzito kabisa, kwa sababu huko ndiko ngurumo ya upepo na ya injini za boti inakojaa.

Ukipata milio kumi, tengeneza nayo biti tano, bila kuongeza wa kumi na moja. Ya kwanza itakuchosha. Mbele kidogo utakosa pa kukimbilia, na hapo ndipo unaanza kubuni.

Kuiga si dhambi, iga mpangilio tu. Sikiliza sebene za Kongo, magitaa yanavyojibizana, kisha majibizano hayo yapige kwa debe lako. Bendi zetu za zamani zilikula rumba hiyohiyo, lakini kila moja ilikuwa na mtindo wake. Tabora Jazz walikuwa Segere Matata, na hukuwachanganya na wengine.

Kwantaizi, yaani kompyuta kuyanyoosha mapigo yakae sawasawa, iachie kiki na besi. Sheka ipige kwa mkono, ikichelewa kidogo iache ichelewe. Mimi nikiinyoosha yangu, wateja wangu wa zamani wanauliza nani kapiga.

Msanii akija na "nipigie kama ile ya fulani", mpigie, kodi ya chumba hailipwi na ubunifu. Ila lile debe lichomeke ndani, chinichini. Akirudi kuuliza ule mlio ni wa nini, kazi inayofuata mpandishie bei.