Umeshanunua STI, sasa unashuku iligongwa: pa kuchungulia

Mara nyingi usukani ndio unaoanza kusema. Barabara imenyooka, gari linakwenda sawa, lakini usukani umekaa upande kidogo. Au tairi moja la mbele linalika ukingo wa ndani tu. Au mvua ya kwanza inanyesha na kapeti la abiria linalowa. Kwa Subaru WRX STI iliyotumika Japani, na pengine ikapitia mikono miwili mitatu Nairobi au Dar es Salaam, dalili moja kati ya hizo inatosha kulipeleka gari kwenye shimo la gereji.

Kabla ya hapo, usifunge kitu. Ekzosi kubwa, rimu mpya, springi fupi, vyote vingoje. Hata alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) isubiri, isipokuwa ya kupima tu bila kurekebisha, na karatasi ya vipimo uitunze.

Tenganisha vilivyofungwa kwa bolti na vilivyochomelewa. Bampa, madigadi ya mbele, boneti, milango na mlango wa buti hufunguliwa kwa spana, na kubadilishwa kwake peke yake si msiba. Wajapani wenyewe hawavihesabu kuwa historia ya ajali. Kinachohesabika ni reli za chasisi (mihimili ya chuma inayobeba gari chini), nguzo za milango, paa, sakafu ya buti na ukuta kati ya injini na abiria. Wauzaji wengi hukuonyesha madigadi mapya ili usiulize kuhusu reli.

Anza na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi gari lilipouzwa mnadani Japani. Chukua namba ya chasisi (GDB, GRB, GVB au VAB na tarakimu zinazofuata) kwenye gari lenyewe, uitafute kwa huduma za kulipia zinazotoa karatasi hizo. Picha uliyotumiwa WhatsApp na dalali isikutoshe, kwa kuwa daraja na kilomita huhaririwa. Daraja la R au RA maana yake gari lilitengenezwa baada ya ajali. Kwenye mchoro wa gari ulio katika karatasi hiyo, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya kunyooshwa, XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa. Karatasi safi inasema tu kwamba gari lilikuwa safi siku ile kule Japani. Lililotokea baada ya bandarini halimo.

Kisha rangi. Azima kipimo cha unene wa rangi, na kiwe kinachosoma chuma na alumini, kwa sababu boneti ya STI ni ya alumini. Sumaku haishiki pale, na si kwa ajili ya puti (lipu ya kujazia mabonde). Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya mikroni 80 na 150. Ukipata 250 hadi 300, paneli ilipakwa tena. Ukipita 500, chini kuna puti. Pima nukta tano au sita kwa kila paneli, na usisahau nguzo za milango na ukingo wa paa. Mlango kupakwa rangi ni jambo dogo, nguzo kupakwa ni swali zito.

Kwa nafasi kati ya paneli, kadi za benki zinatosha. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, hivyo tano zilizobanwa ni karibu milimita 4. Zipitishe kati ya boneti na madigadi, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Zikiingia kwa urahisi upande mmoja na kugoma upande wa pili, fungua boneti utazame bolti za madigadi na za bawaba. Bolti ambayo haijaguswa ina rangi nzima kichwani. Iliyofunguliwa ina pembe zilizochubuka, na mara nyingi washa yake imesogea ikaacha alama ya mviringo kwenye rangi ya zamani.

Sasa reli za mbele, na hapa usiwe na haraka. Toa kava za chini za plastiki, uvue bampa kama fundi anaweza, na uwe na tochi kali. Roboti wa kiwandani huacha vidoti vya kuchomelea vya duara, vyenye ukubwa mmoja na nafasi zinazolingana. Fundi wa mtaani huacha mstari wa weldi, au vidoti vilivyosagwa kwa grinda vikabaki bapa. Pitisha kidole kwenye gundi ya maungio: ya kiwandani ni ngumu na ina mwenendo mmoja, ya gereji ni laini au imepakwa kwa brashi. Tazama pia kama kuna mikunjo midogo ubavuni mwa reli. Reli imeundwa ijikunje wakati wa ajali, na ikishanyooshwa alama za mikunjo hubaki kama bati lililokunjwa likafunguliwa. Rangi iliyobabuka au chuma kilichogeuka buluu ni ishara kwamba walitumia moto wa gesi. Chuma chenye nguvu ya juu hulegea kikipashwa hivyo, na ajali ijayo reli haitafanya kazi yake.

Nyuma ni kazi ya dakika tano: toa tairi la spea na zulia, tazama sakafu. Mawimbi, kutu ya upande mmoja au maji yaliyotuama vinatosha kukuambia.

Kupima umbo la chasisi hakuhitaji mashine ghali. Egesha kwenye sakafu tambarare, chagua matundu manne ya kiwandani chini ya gari, mawili mbele na mawili nyuma, yanayolingana kushoto na kulia. Teremsha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) kutoka kila tundu, weka alama ya chaki sakafuni, sogeza gari, kisha pima mishazari miwili, yaani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Tofauti ya milimita 2 au 3 inaweza kuwa mkono wako. Ikizidi 5, rudia. Ikibaki vilevile, chasisi imepinda.

Taa ya eabegi iwake unapofungua swichi, kisha izimike baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au waya umeungwa kwenye taa nyingine. Hata ikiwaka vizuri, wapo wanaoweka rezista ndogo mahali pa eabegi iliyolipuka ili kompyuta idanganyike. Kwa hiyo mwachie fundi umeme avue kava, na wewe usiguse waya za njano kwa mita, maana umeme kidogo unaweza kuilipua eabegi. Mkanda uvute hadi mwisho: ukigoma kurudi, au lebo yake ikiwa na mwaka tofauti na mikanda mingine, ulibadilishwa au ulifyatuka.

Ukishapata ushahidi, piga picha zenye tarehe na mwandikie muuzaji siku hiyohiyo. Sheria za Uuzaji wa Bidhaa za Kenya na Tanzania zinamlinda mnunuzi zaidi anaponunua kwa mfanyabiashara wa magari kuliko kwa mtu binafsi. Kama ulikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua ni vigumu kuidai. Weldi iliyofichwa chini ya puti ni hoja nyingine. Kukawia, au kulitumia gari kama mwenyewe kwa kulibadilisha vifaa, huhesabika kuwa umelikubali, na ndiyo sababu ya ekzosi kusubiri. Kwa Kenya, dai lisilozidi shilingi 1,000,000, tuseme gharama ya matengenezo, linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Ukiamua kubaki nalo, reli iliyopinda bila kukunjika inaweza kuvutwa kwenye benchi la chasisi, mashine ya kunyoosha chasisi. Iliyokunjika hukatwa na kubadilishwa kwenye maungio ya kiwandani. Nguzo ya katikati iliyochomelewa vibaya, sisi tungelirudisha gari. Likitoka kwenye benchi dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, rudia mishazari yako ya chaki, na hapo ndipo ulipeleke alaimenti.