Kupunguza hewa ukaa mtaani kwenu: anzeni na sufuria ya maharage

Watu wakisikia hewa ukaa, ile gesi ya moshi inayoipasha dunia joto, akili inaenda kwenye viwanda na ndege za huko mbali, na kweli Mtanzania wa kawaida ukimweka na Mmarekani hata hafiki robo. Ila sisi tunaokaa Dar mkaa tunaujua, na mkaa ndo pa kuanzia, maana kwa tanuri za kienyeji kilo moja ya mkaa inakula kuni kilo 5 mpaka 10 hivi. Sasa chukua gunia la kilo 50 ulipigie hesabu, hapo bado hujawasha jiko, bado fuso lililolileta kutoka huko porini.

Kitu cha kwanza msinunue chochote. Kaeni nyumba kama kumi mnaoaminiana, kila nyumba iandike wiki moja tu: mkaa kopo ngapi, gesi imekaa siku ngapi, LUKU (umeme wa kulipia kabla) imeingia uniti ngapi, nauli na mafuta. Andikeni kwenye daftari la watoto, sio lazima simu. Sisi tulipofanya hivi wengi tulishangaa, maana mkaa unanunua wa elfu elfu huoni uchungu, ukijumlisha ndo unaona pesa ya gunia zima imeshaondoka.

Alafu njoo kwenye maharage. Hapa ndo penye faida ya haraka kuliko kote na watu wanapapita. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, funika, chemsha kwa nguvu dakika 20 hivi, yani yatokote kweli kweli, usikatishe chini ya dakika 10 hasa maharage mekundu maana yakiwa mabichi yana sumu inayosumbua tumbo. Baada ya hapo ingiza sufuria na mfuniko wake kwenye kapu lililojazwa matambara au vipande vya sponji pande zote, juu weka mto, funga, usichungulie. Masaa matatu manne unakuta yameiva bila moto wowote, na kama hayajaiva vizuri unarudisha jikoni kidogo tu. Kapu halina gharama, gunia kuukuu na blanketi lililochakaa vinatosha. Wali nao unakubali, ukishachemka tu uingize.

Sasa jiko la presha la umeme. Wengi wanaogopa LUKU, twende taratibu. Jiko la wati 1000 hata likiwaka saa nzima bila kukata linakula uniti 1, na maharage yaliyolowekwa hayafiki saa, tena jiko lenyewe likishapata presha linakata na kuwasha. Uniti 1 kwa bei ya kawaida ni kama shilingi 357, kwa mkaa wa hela hiyo unapika nini? Angalizo kwa mlioko ile tarifu ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, ukizidisha zile za juu zinakuja kwa bei kubwa, kwa hiyo cheki matumizi yako kabla hujaanza kupikia kila kitu. Na umeme wetu siku hizi sehemu kubwa ni maji, Bwawa la Nyerere pale Rufiji peke yake ni megawati 2,115, kwa hiyo ukihama mkaa kuja umeme unapunguza kweli.

Tatizo ni kwamba jiko linataka hela kwa mkupuo na mkaa unanunulika kwa buku. Hapo ndo umuhimu wa kuwa kumi, chezeni mchezo wa kuchangiana kwa zamu kama tulivyozoea, ila badala ya kupokea hela unapokea jiko. Tuseme jiko ni laki na nusu, kila mtu anatoa elfu 15 kwa mwezi, kijumbe, yule anayekusanya hela, ananunua moja anakabidhi mkononi, mkimpa mtu cash itaenda kwenye sare ya harusi, tunajuana. Zamu ya kwanza msipige kura, apewe mama ntilie kama yumo, huyo anachoma mkaa kuliko nyumba zenu nne tano. Jiko la mkaa msilitupe, umeme unakatika, ila basi muwe na jiko banifu, lile linalokula mkaa kidogo.

Taka. Maganda ya ndizi na mabaki ya chakula yakirundikana dampo bila hewa yanatoa methani, gesi ambayo kilo kwa kilo, kwa miaka 100, inapasha joto kama mara 28 ya hewa ukaa. Tafuteni ndoo au pipa bovu, litobolewe pembeni na chini, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au maranda ya fundi seremala, mnageuza kila wiki, miezi miwili mitatu mna mbolea ya mchicha. Nyama na samaki hapana. La kwetu mara ya kwanza mtu alitia matumbo ya dagaa, mtaa mzima ulinuka na mwenye nyumba akaja juu, tukaanza upya. Na kuchoma plastiki jioni acheni kabisa, ule moshi watoto ndo wanauvuta.

Usafiri sina mengi, watoto wanaosoma shule moja wapande bajaji moja mgawane hela, ya karibu watembee wakiongozana na mkubwa mmoja kwa zamu. Mnaofanya kazi mjini kama mwendokasi inapita kwenu ipandeni, najua inavyojaa saa 12 asubuhi, msinitukane.

Miti nimeiweka mwisho makusudi, maana ndo kila mtu anakimbilia, mnapanda 100 na kupiga picha, kiangazi kikiisha imebaki mitatu. Pandeni michache, mwembe na mwarobaini, upande jua la mchana linapopiga ukuta ili feni ipumzike. Kila mti uwe na nyumba yake ya kuumwagilia, maji ya kuoshea mchele yanatosha, na uzungushieni miba siku hiyo hiyo kabla mbuzi hawajaujua.