Injini Inapozimika Ghafla Kati ya Arusha na Moshi

Injini ikizimika gari likiwa kwenye mwendo, kinachohatarisha maisha kwanza ni breki na usukani, kwa kuwa katika magari mengi vyote viwili huwa vizito mara tu nguvu ya injini inapokatika. Usukani bado unatii, ila unadai mikono yote miwili. Breki hubakiwa na akiba ya mikanyago michache tu. Kwa hiyo usiipigepige pedeli, bali ikanyage kwa nguvu na kuishikilia hadi gari lisimame. Usirudishe ufunguo hadi mwisho wala kuuchomoa, maana usukani unaweza kujifunga gari likiwa bado linatembea.

Sehemu tambarare, washa taa za hadhari, weka nyutro, na utumie mwendo uliobaki kutoka nje ya lami upande wa kushoto. Kwenye mteremko wa kushukia daraja la Mto Kikavu, mwenye gari la gia za kawaida aiache gia ilipo, kwa sababu magurudumu yakiendelea kuizungusha injini huisaidia breki.

Gari likishasimama, vuta breki ya mkono, abiria washukie kushoto na wasisimame nyuma ya gari. Weka pembetatu mbali vya kutosha. Matawi tuliyozoea kuyapanga barabarani hueleweka mchana. Usiku hayaakisi mwanga wowote.

Ndipo uitazame injini. Ikiwa mshale wa joto umepanda, jambo la kawaida kwa gari lililosheheni mzigo likitoka Moshi, kwani Arusha iko juu zaidi kwa takribani mita 500, usiguse mfuniko wa rejeta kabla haijapoa kabisa, na usimwagie injini maji baridi. Stata ikitoa mlio wa "tik" tu, tikisa tominali za betri: mara nyingi utakuta moja imelegea au imeota ukungu mweupe. Stata ikizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, acha kabisa kujaribu, kwani huenda mkanda wa taimingi umekatika na kila jaribio laweza kupinda valvu.

Gari la automatiki ni bora libebwe kuliko kukokotwa. La gia za kawaida likivutwa kwa kamba, ufunguo uwe umefunguliwa ili usukani usijifunge, na anayevuta aende polepole, kwa kuwa breki za gari la nyuma zitakuwa nzito safari nzima.