Somo la imani nyumbani: jioni moja na dhoruba ya Marko 4

Neno "imani" halielezeki kwa mtoto wa miaka mitano kwa kulibadilishia maneno. Ukimwambia ni "hakika ya mambo yatarajiwayo", kama Waebrania 11:1 inavyosema, umempa kitendawili kingine. Mstari huo usubiri afike darasa la tano au la sita. Kwa sasa mpe mashua, upepo na mtu aliyelala: Marko 4:35-41, pale Yesu anapotuliza dhoruba. Ni mistari saba tu, na ndani yake mna hofu ambayo kila mtoto anaijua.

Panga dakika 20, zisizidi 25. Wakati mzuri ni baada ya kuoga na kabla ya chakula, ilimradi chakula kiwe kimeshaiva. Harufu ya mchuzi ulio bado jikoni itawahamisha wote. Televisheni izimwe na simu zikae chumba kingine, ya baba ikiwamo.

Andaa kabla hujawaita: Biblia, chaki, beseni la maji, bakuli dogo la stili, kijiko cha chakula, na vipande sita vya karatasi. Kwenye vipande hivyo andika Zaburi 56:3, neno moja kila kipande: Siku / ya / hofu / yangu / nitakutumaini / Wewe.

Kabla ya kusoma, safisha maneno. Hapa ndipo masomo mengi ya nyumbani huanguka bila mzazi kujua, kwa sababu Biblia ya Union Version ni ya mwaka 1952 na Kiswahili cha mtoto ni cha leo. Akisikia Yesu alichukuliwa "katika chombo", anaona sufuria au sahani. Mwambie chombo hapa ni cha baharini. "Shetri" ni sehemu ya nyuma ya chombo. Watoto wa pwani huenda wakalijua, wa bara hapana. Na "amelala juu ya mto" humfanya mtoto mwangalifu ashangae kimya kimya: mtu analalaje juu ya mto wa maji? Chukua mto wa kitandani umwonyeshe. Mwisho kuna "Hamna imani bado?", ambayo mtoto husikia kama "hamna" ya dukani, yaani hakuna. Mweleze ni "ninyi bado hamna imani?" Ukiwa na Biblia Habari Njema, yenyewe inasema "mashua", lakini mto umebaki mto.

Sasa chora mashua. Mwaka 1986 kwenye matope ya ufuko wa Galilaya yalipatikana mabaki ya mashua ya karne ya kwanza, yenye urefu wa mita 8 na kidogo na upana wa mita 2.3. Piga hatua nane ndefu uani, weka alama kwa chaki au kijiti, kisha waketi ndani wote. Sebule isipotosha, chora nusu uwaambie ni nusu. Waeleze kuwa Bahari ya Galilaya ni ziwa la maji yasiyo na chumvi (Luka 8:22 anasema "ziwa"), lenye urefu wa kilomita 21 hivi, limezungukwa na vilima. Upepo wa baridi ukishuka kutoka vilimani na kukutana na hewa ya joto iliyo juu ya maji, dhoruba huinuka ghafla. Mtoto aliyekulia Mwanza au Kisumu hahitaji maelezo zaidi.

Soma mara moja bila kukatiza. Anayejua kusoma asome mstari wa 35 hadi 38, wewe umalizie. Ukifika "Nyamaza, utulie", usipige kelele. Sema taratibu, kisha nyamaza kwa sekunde tano.

Beseni liletwe baada ya kusoma. Likitangulia, hakuna atakayesikiliza. Weka bakuli lielee juu ya maji, mtoto aongeze maji ndani yake kijiko kwa kijiko huku wengine wakihesabu mpaka lizame. Usitumie kopo la plastiki: aina nyingi za plastiki huelea hata zikijaa maji, na somo litageuka kichekesho. Likishazama, uliza: wavuvi walikosea kuogopa? Petro, Andrea, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi wa ziwa hilohilo, na maji yalikuwa yameanza kujaa kweli. Kisha ondoa beseni.

Maswali matatu yanatosha. Mdogo: nani alikuwa amelala? Wa kati: walimwambia nini walipomwamsha? Mkubwa: Yesu alituliza upepo kwanza au aliwauliza kuhusu imani kwanza? Katika Marko alituliza kwanza. Katika Mathayo 8:26 aliuliza kwanza. Mkubwa akiligundua hilo mwenyewe, msifu, wala usikimbilie kulifunika. Epuka maswali ambayo jibu lake ni "Yesu" au "ndiyo", maana watoto waliozoea shule ya Jumapili hujibu hivyo kabla hujamaliza kuuliza.

Jambo la kushikilia ni hili: walikuwa na imani haba, wakamwamsha kwa lawama, naye akawasaidia vilevile. Usimfundishe mtoto kuwa mwenye imani haugui wala haogopi. Siku bibi atakapofariki baada ya mtoto kumwombea, atajilaumu kwamba imani yake ilikuwa ndogo, na pengine hatakuambia. Mfundishe kuwa imani ni kujua umwite nani maji yanapoingia. Kosa jingine ni kuligeuza somo kuwa kesi: "ndiyo maana nawaambia msigombane." Mambo ya ugomvi yawe na siku yake.

Kila mmoja ataje kitu kimoja anachokiogopa, mzazi akianza: giza, mbwa wa jirani, mtihani. Asicheke mtu. Kila mtoto aombe sentensi moja tu kuhusu hofu ya mwenzake aliye kushoto kwake, asiyetaka asilazimishwe.

Malizia kwa vipande sita. Vichanganye, wavipange, wausome mstari pamoja mara tatu. Wasiojua kusoma wapige kofi kwa kila neno. Viweke ndani ya Biblia kwenye Marko 4. Kesho yake toa kipande kimoja, "hofu", waseme mstari wote. Keshokutwa toa viwili. Akikwama, mpe silabi ya kwanza tu.