Jinsi ya kusoma The Hunger Games na mdogo wako: fuata chakula

Likizo ikifika tu naanza kuulizwa swali lile lile, dada, mdogo wangu ameangalia muvi zote za Hunger Games sasa anataka kitabu, nimpe au bado mdogo? Mpe. Kama ana miaka 12 au 13 kwenda juu mpe, ila usimpe ukaondoka, kaa nae mkisome wote, manake kile ni kitabu cha watoto kuuana na mtoto akikisoma peke yake mbio mbio atabaki na mishale na mapigano tu, kile kitu chenyewe Suzanne Collins alichokiweka mle ndani kitampita. Mimi nimekisoma na mdogo wangu wa kidato cha pili, nikakirudia na watoto wa shangazi, na njia niliyoona inashika ni moja, fuata chakula. Ukikuta chakula kwenye ukurasa, punguza mwendo.

Ratiba kwanza. Kitabu cha kwanza kilitoka 2008, kina sura 27, zimegawanywa sehemu tatu za sura tisa tisa. Sisi tulikuwa tunasoma sura tatu kila jioni tukishakula, siku tisa tumemaliza. Kila sura inakatikia pabaya kwa hiyo mtoto atakuomba muongeze, kataa, mnahitaji muda wa kuongea. Kiingereza chake si kigumu, sentensi fupi fupi, na Katniss, msichana ambaye hadithi ni yake, mwenyewe ndo anasimulia, tena anasimulia kama mambo yanatokea sasa hivi mbele yako. Mtoto asome kwa sauti alafu akusimulie kwa Kiswahili, akikwama usikimbilie kumtafsiria neno, muulize anaona nini.

Ila kuna maneno matatu lazima uyasimamie mwenyewe. La kwanza Panem, jina la hiyo nchi iliyobaki pale ilipokuwa Amerika ya Kaskazini. Ni Kilatini, linatoka kwenye maneno ya Juvenal, mshairi wa Roma ya kale, kwamba raia walishaacha kushughulika na utawala wao, wanachotaka ni mkate na michezo tu. Yaani nchi inaitwa mkate na watu wake wanakufa njaa. La pili "reaping", siku ya kuokota majina ya watoto, maana yake mavuno, wanavunwa watoto. La tatu "tribute", na hapa usimwambie mtoto ni mshiriki wala mchezaji, ni ushuru, ule ambao aliyeshindwa vita anampelekea aliyemshinda. Wilaya 12 za Panem ziliasi mji mkuu unaozitawala, Capitol, zikapigwa, sasa kila mwaka kila wilaya inapeleka mvulana mmoja na msichana mmoja wa kati ya miaka 12 na 18, jumla 24, wanauana uwanjani mpaka anabaki mmoja. Collins amesema sehemu ya wazo aliitoa kwenye hekaya ya Wagiriki, Athens walivyokuwa wanapeleka Krete vijana saba wa kiume na saba wa kike waliwe na Minotaur, jitu nusu mtu nusu fahali.

Mkifika sura ya kwanza pale kwenye tessera, toeni karatasi na kalamu. Ni hivi, ukifika miaka 12 jina lako linaingia mara moja, 13 mara mbili, linaongezeka hivyo mpaka 18. Lakini kama kwenu hakuna chakula unaruhusiwa kuongeza jina lako ili upewe tessera, yaani nafaka na mafuta ya mtu mmoja ya mwaka mzima, tena kidogo. Katniss aliongeza matatu kila mwaka, la kwake, la mama na la Prim mdogo wake, ukijumlisha na lile la lazima ni manne kwa mwaka, ana miaka 16 kwa hiyo ni miaka mitano, mara nne, majina 20. Gale, rafiki yake wa kuwinda mwenye miaka 18, analisha nyumba ya watu watano, sita kwa mwaka mara miaka saba, 42. Sasa muulize mdogo wako, mtoto wa meya ana mangapi? Mdogo wangu alipiga hesabu kimya alafu akaniangalia akasema, "kwa hiyo wananunua unga kwa majina yao." Nilifunga kitabu siku hiyo, sikuwa na cha kuongeza. Na ndo ujue Prim, ambaye ndiye aliokotwa mpaka Katniss akajitolea kwenda badala yake, alikuwa na jina moja tu mle ndani.

Sura ya pili kuna mkate, na hapa msiharakishe kabisa. Katniss ana miaka 11, baba amekufa kwenye mlipuko mgodini, mama amezima hasemi chochote, mvua inanyesha na yeye anachakura mapipa ya taka nyuma ya duka la mikate. Mke wa mwenye duka anamfukuza. Alafu Peeta, mtoto wa mwenye duka ambaye baadaye ataingia uwanjani na Katniss, anatoka na mikate miwili imeungua, shavuni ana alama nyekundu ya kipigo, anaambiwa awape nguruwe, anamrushia Katniss bila hata kumwangalia. Muulize mtoto, ile mikate iliunguaje? Mwache atafute jibu mwenyewe. Ukishaielewa hiyo sehemu ndo utaelewa kwanini Katniss anashindwa kumchukia huyo kijana hata ikibidi, ana deni la mkate.

Kisha kuna Rue, mtoto mwenzake Katniss kule uwanjani, miaka 12, anatoka Wilaya ya 11 wanakolima chakula cha nchi nzima. Wanakula mguu wa ndege waliyemwinda na Rue anasema hajawahi kupewa mguu mzima peke yake. Anaelezea na watu kwao wanavyochapwa viboko wakila mazao wanayolima wenyewe. Rue akishakufa, Wilaya ya 11 wanamtumia Katniss mkate wa kwao, umekatwa kama mwezi mwandamo na una mbegu mbegu juu, watu wenye njaa wamechanga kulipia mkate wa mtoto wa wilaya nyingine. Kwenye muvi ya 2012 huo mkate haupo, wameweka ghasia badala yake, na ndo sababu nasema aliyeona muvi bado hajasoma. Mguu wa Peeta pia, kwenye kitabu anaupoteza.

Kuhusu damu, usimfiche na usiikuze. Siku ya kwanza uwanjani wanakufa 11. Tulichofanya sisi ni kuandika orodha, kila ukipigwa mzinga wa kutangaza kwamba mtoto amekufa tunaandika nani, na mtoto akagundua mwenyewe wengi hawana jina, ni "mvulana wa Wilaya ya 3" au Foxface ambalo Katniss amembandika tu. Ongeeni kwanini. Collins mwenyewe ameeleza kwamba usiku mmoja alikuwa anabadilisha chaneli, huku vijana wanashindana kwenye shoo, huku vita vya Iraki, mpaka picha zikaanza kumchanganyikia. Mwambie hilo mtoto, alafu mpe muda. Akilia kwa Rue muache alie, mimi pia nililia mara zote.

Mkimaliza endeleeni kwa mpangilio wa kutoka vitabu, Catching Fire 2009, Mockingjay 2010, na ile ya Snow, rais wa Panem, akiwa kijana ya 2020 msianze nayo hata kama mambo yake ni ya zamani zaidi, michezo ya 10 wakati ya Katniss ni ya 74. Iliyotoka 2025 ya Haymitch, yule anayewaelekeza Katniss na Peeta, ije mwisho. Mnatakiwa muwe mmeshamchukia Rais Snow kwa vitabu vitatu ndo mfungue ile ya kwake, na mkifungua, mwambie mdogo wako asome ukurasa wa kwanza taratibu. Snow ana miaka 18, yuko jikoni kwao, anatumbukiza kabichi kwenye maji yanayochemka.