Kutengeneza dashibodi ya biashara ya mkonge

Kabla ya kufungua Power BI, programu ya kutengenezea dashibodi (ukurasa wa chati na takwimu za biashara), muulize meneja wa ghala la mkonge hapa Tanga ni uamuzi gani anaoufanya kila asubuhi, kwa maana chati isiyomsaidia kuamua haina kazi kwenye skrini. Muda mwingi utaishia kwenye kusafisha data: karani mmoja huandika jina la kituo "Muheza", mwingine "Mheza", na tarehe 03/04 husomwa kuwa Machi 4 ikiwa kompyuta imewekewa mpangilio wa Kimarekani. Tengeneza jedwali la tarehe na jingine la vituo, kisha uyaunganishe na jedwali la mauzo. Grafu za mihimili zianzie sifuri. Chati duara, kwa maoni yangu, ziachwe. Onyesha pia saa ambayo data ilisasishwa mara ya mwisho.