Kuchavusha mtama kwa mkono: jionee nguvu ya chotara

Wakulima wenzangu wa Teso, chotara, yaani mmea uliozaliwa na wazazi wa aina mbili, mpimeni kwa mzazi wake aliye bora. Kushinda wastani wa wazazi wawili hakutoshi; mzazi mmoja akizaa zaidi ya chotara, pandeni huyo.

Hatua ya 1. Chagua wazazi wasio wa ukoo mmoja, mfano mtama mweupe aina ya Epuripur na mwekundu wa kienyeji. Unaochelewa kuchanua utangulie kupandwa.

Hatua ya 2 ndiyo kazi yenyewe. Ua la mtama lina dume na jike pamoja, na suke huchanua kutoka kileleni kushuka chini. Alasiri, kwenye suke la mama (mzazi atakayebeba mbegu), kata maua yaliyokwisha kufunguka pamoja na machanga ya chini. Bakiza kama 50, yale yatakayofunguka kesho au keshokutwa. Kwa kibano chembamba toa vifuko 3 vya chavua katika kila ua. Kimoja kikipasuka, ng'oa ua hilo na ufute kibano kwa spiriti, maana chavua kidogo tu ya mama itakupa mbegu isiyo chotara. Funika suke kwa mfuko wa kaki.

Hatua ya 3. Vinyoya vya jike vikichomoza, kung'utia chavua ya baba asubuhi, papo hapo, kwani hufa upesi. Funika tena, andika lebo: mama, baba, tarehe.

Hatua ya 4. Vuna punje zikiota doa jeusi kwenye kitako. Msimu ujao panda chotara katikati ya wazazi wake, shamba moja, nafasi moja, kisha pima punje kavu.

Maswali

*Mwalimu, nikivuna chotara nirudishe mbegu shambani?* (Soroti)
Hapana, dada. Kizazi cha pili hupoteza karibu nusu ya nguvu ya chotara, na mimea hutofautiana kimo na kukomaa. Watunze wazazi, kila mmoja peke yake, uwachavushe upya.

*Na Sekedo?* (Kumi)
Sekedo ni aina ya mtama isiyo chotara. Hifadhi mbegu yake bila wasiwasi.

*Kampuni hung'oa maua yote hayo kwa mkono?* (Moroto)
La, kaka. Mwaka 1954, huko Texas, watafiti Stephens na Holland walieleza mtama ambao chavua yake haifai kabisa, uliotokana na kuchanganya aina za milo na kafir. Huo, ukiwa mama, hupandwa mistari kadhaa kando ya baba anayerudisha uzazi, yaani anayefanya chotara awe na chavua nzima. Mtama wa tatu, pacha wa mama mwenye chavua nzima, huendeleza mbegu ya mama. Ndiyo maana mbegu ya chotara ina bei.